Raba za Kukimbilia Lami

Mie Mwanamvita sina kifua, na sijapata kukana. Neno likiniingia asubuhi, adhuhuri limeshafika mwisho wa foleni ya malori. Lakini siri ya Gwantwa niliibeba zaidi ya mwaka, na anayesema mtu wa Pangani hawezi kunyamaza aje aniulize ilivyonikaba.

Gwantwa alikuwa jirani yangu wa uani, mlango wake unautazama wangu. Mndali wa Ileje, mrefu, mkavu, miguu yote misuli. Mumewe alizikwa hukohuko milimani, akabaki na mtoto mmoja wa kike, Tupokigwe, darasa la sita, tukimwita Tupo. Mie nililetwa Tunduma na dereva wa malori ya Kongo. Yeye akaendelea na safari, nasikia sasa ana mke huko Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, mie nikabaki na karai langu la vitumbua kando ya barabara. Gwantwa aliniita dada, na mwanawe akaniita mama mkubwa. Ndio udugu wa mpakani huo, hauulizi ukoo.

Kazi ya Gwantwa ilikuwa kubeba. Alfajiri anateremka bondeni na mchele mgongoni, anapita njia za panya mpaka Nakonde, upande wa Zambia, anarudi na mfuko wa sukari. Filimbi ya askari ikilia, anakimbia. Uani wote tulijua. Asiyejua ni Tupo peke yake. Tupo aliambiwa mama yake ni mwanariadha. Kila alfajiri Gwantwa alivaa suruali ya michezo, akamfunika mtoto blanketi, akasema anakwenda mbio na wenzake wa jogingi, lami tupu mpaka mji mdogo wa Mpemba na kurudi, kisha anapitiliza kupiga deki kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Mzigo ulimngoja nyumba za chini, kwa mbebaji mwenzake aitwaye Erica. Na mtoto akaamini. Kwa nini asiamini? Miguu ya mama yake aliiona. Utotoni kule Ileje Gwantwa aliwahi kuwaacha nyuma wavulana wa kata nzima.

"Mwambie mtoto," nilimwambia siku moja tukianika nguo. "Njia ya mwongo ni fupi."

"Yangu ndefu, dada, inapita bondeni," akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaning'inia kwenye ile kamba ya nguo kama mtu aliyechoka. "Mimi njia za namna ile nilioneshwa na shangazi yangu kule Ileje, nina umri wa Tupo. Aliniambia nimsindikize siku moja tu. Shule sikurudi tena. Ile njia ukishaijua, siku njaa inapoingia ndani miguu inakwenda yenyewe. Mwanangu hataijua. Yeye akue akijua lami."

Basi nikafunga mdomo. Wallahi nilifunga, na watu waliniuliza kama naumwa.

Mwanzoni mwa mwaka akaja shuleni kwao mwalimu mpya, Mwalimu Osea, kijana wa Makete, mwenye miwani na matumaini mengi. Akaanzisha somo la Jumamosi. Hakutaka watoto wakariri, alitaka wabuni vitu kama wahandisi. Na kitu alichowapa wabuni ni raba za michezo. Kila mtoto achague mtu mmoja wa nyumbani kwake, amtengenezee raba zinazomfaa yeye na mbio zake, kwa vitu vinavyookotwa hapahapa mjini: tairi bovu, turubai lililochanika, kandambili zilizokatika. Zitakazotia fora zitapelekwa kwenye maonyesho ya mkoa, Vwawa. Tupo alirudi nyumbani akiimba: uliza, chora, tengeneza, jaribu, rekebisha. Aliimba akiosha vyombo, akaimba akienda chooni, mpaka nikamwambia mwanangu, hebu rekebisha na huo wimbo.

"Kuuliza ndiyo kwanza," akatufundisha, kidole juu. "Mwalimu kasema mhandisi hatengenezi anachokipenda yeye. Anamuuliza mvaaji, maana mvaaji ndiye anayejua."

Mwalimu wa watu! Labda huko Makete mtu akiulizwa anajibu. Hapa kwetu mtu akiulizwa viatu vyake vinapita wapi, anadanganya kabla hajafikiri. Anadanganya hata kama anatoka msikitini. Hilo chuoni hawakumfundisha.

Jioni ile Tupo akamkalisha mama yake kwenye kigoda, penseli mkononi. Gwantwa alikuwa anachambua mchele, mie nakoroga unga wangu wa vitumbua kando.

"Mama, ukikimbia unakanyaga nini?"

"Lami."

"Lami yote? Hakuna vumbi, hakuna matope?"

"Lami yote, mwanangu."

"Kuna mteremko?"

"Tambarare."

"Mvua ikinyesha?"

"Tunapumzika. Nani akimbie na mvua?"

"Unabeba kitu?"

Gwantwa akanitupia jicho. "Mwanariadha abebe nini? Chupa ya maji."

Mtoto akaandika yote, tena kwa mwandiko mzuri. Ulimi ulikuwa unaniwasha mpaka nikatia chumvi mara mbili kwenye unga, na kesho yake madereva wakanirudishia vitumbua.

Kwa muda wa wiki nyingi uani kwetu pakageuka karakana. Tupo alichukua soksi ya mama yake akaijaza saruji, ikaganda kwa umbo la mguu, akawa anashonea juu yake ili asimsumbue mama kila saa. Sehemu ya juu akaikata kwenye turubai la lori. Katikati akabandika tabaka za kandambili kuukuu, mguu usiumie. Raba za kwanza zilikuwa nzito kama mawe, akazipeleka kwenye mizani ya muuza vitunguu, akarudi amenuna, akazivunja. Za pili alizilaza kwenye beseni la maji, asubuhi gundi ikawa imeachia. Akazivunja tena. Mie ningekuwa nimeshatupa yote jalalani na Mwalimu Osea juu yake. Tupo anasema, "Vizuri, mama mkubwa, sasa najua kisichofaa." Lo, mtoto gani huyu! Mtu mzima akikosea anatafuta wa kumlaumu. Huyu anakosea anafurahi.

Siku moja nikamkuta amekaa na kipande cha tairi la trela, kisu kimenolewa, anakata kashata zote, yale magego ya tairi yanayouma tope. Soli inabaki kipara.

"We Tupo," nikasema, "hizo kashata zimekukosea nini? Ziache."

"Kashata ni za matope, mama mkubwa. Lami inataka soli iguse chini kote. Nimejaribu zote mbili pale barabarani, yenye kashata ni nzito na inapiga kelele. Mama anakimbia lami. Zibaki za nini?"

Nikageuka. Gwantwa alikuwa amesimama mlangoni kwake, amesikia kila kitu. Alinitazama tu, na macho yale yalikuwa yananiomba. Nikarudi kwenye karai langu, nikavunja kuni kwa hasira mpaka mkono ukaniuma. Mtoto akaendelea kukata kashata, huku akiimba.

Raba zilipokamilika, jamani, zilikuwa raba. Za kijani, turubai lile lile la malori, uzi mweupe umekwenda sawa kama wa cherehani, nyepesi hata nikazitamani mie mwenye miguu ya kuvimba. Mwalimu Osea akazishika, akazipindapinda, akasema darasa zima hakuna mfano wake. Akasema limebaki jambo moja. Mvaaji akimbie nazo wiki nzima, na kila jioni mbunifu aangalie soli zimeliwa wapi. Bila hivyo haziendi Vwawa.

Sasa hapo ndipo uongo ulipomshika mwongo mguu. Siku ya kwanza Gwantwa akatoka nazo, akafika kwenye meza yangu ya vitumbua, akazivua, akazificha chini ya meza, akavaa mabuti yake ya mpira niliyokuwa namtunzia hapo, akateremka bondeni. Akirudi, anabadilisha tena. Jioni Tupo akapindua raba, akazitazama kwa kibatari kama daktari.

"Mama, hukukimbia nazo. Hazina hata mkwaruzo."

"Nimekimbia nazo! Ni imara tu."

Kesho yake Gwantwa akakaa nyuma ya meza yangu akizisugua soli kwenye lami kwa mikono, mwanamke mzima amepiga magoti, madereva wanamcheka. Mmoja wa Zambia akamuuliza kwa Kibemba kama anatwanga mihogo. Jioni Tupo akapindua tena.

"Hii imesuguliwa," akasema. "Imeisha sawasawa kote. Mtu akikimbia, soli inaliwa kwenye kisigino na chini ya kidole gumba." Akaiweka raba chini. "Kama unaona haya kuvaa viatu vyangu mbele ya wenzako, sema tu, mama. Sitakasirika."

Gwantwa angemwambia pale. Ilikuwa saa yake. Badala yake akamkumbatia mtoto, akaapa kwamba kesho atazivaa tangu nyumbani mpaka nyumbani. Na akazivaa. Mvua ilikuwa imekatika siku zile, njia ya bondeni imekauka, akapita salama. Akarudi ananiambia, "Dada, zile raba ni nyepesi, naruka." Jioni Tupo akazikuta zimeliwa mahali panapotakiwa, akapiga kelele ya furaha, akamrukia mama yake shingoni. Nikaona Gwantwa amefurahi kweli. Alfajiri iliyofuata mabuti akayaacha tena chini ya meza yangu.

Mvua ilirudi asubuhi hiyohiyo, wakiwa wameshavuka, na haikuonesha dalili ya kuacha.

Erica ndiye aliyenijia mbio pale mezani, nguo tope tupu, pumzi hana. Walikuwa wanapanda na sukari. Ule mteremko wa udongo mwekundu wa mfinyanzi juu ya kijito, wenye mabuti walipita. Gwantwa alikanyaga mara moja tu, soli ikakosa pa kushika, akateremka na mfuko wote mgongoni mpaka kwenye mawe, mguu ukiwa chini yake. Erica alisema alisikia mfupa. Wakambeba mpaka barabarani, wakamwosha matope, wakaziosha na zile raba kijitoni, ili hospitali na mtoto waambiwe kitu kimoja: mama ameteleza kwenye lami yenye maji akiwa mazoezini.

Alilazwa muda mrefu. Aliporudi, paja lilikuwa limeunga vibaya, mguu mmoja umekuwa mfupi, na daktari alisema kutembea atatembea kwa gongo, akijaliwa, lakini kukimbia asahau. Tulimlaza kwenye godoro chini, karibu na mlango apate hewa. Mimi nilikuwa nampelekea uji asubuhi na ugali jioni. Alikuwa anageukia ukutani ninapoingia, si kwa ubaya, kwa haya.

Na Tupo? Tupo aliacha kuimba. Zile raba alizitundika kwenye msumari juu ya kitanda, akawa anazitazama kabla ya kulala. Jumamosi zikapita hakwenda kwenye somo. Nikamkuta siku moja ameishika raba moja, anapitisha kidole kwenye soli ile kipara, taratibu, anarudia tena na tena. Roho ikaniuma, na hasira ikanipanda.

Ndipo Mwalimu Osea akaja mwenyewe kumtafuta. Tukamwekea kigoda pale mlangoni, karibu na godoro la mgonjwa. Akatoa pole zake kwa adabu, kisha akamwita Tupo, akamwambia raba zake zimechaguliwa kwenda Vwawa hata bila ile wiki kutimia, imebaki yeye kwenda kuzieleza.

"Siendi, mwalimu," Tupo akasema. "Raba zangu zimemvunja mama. Mimi ndiye niliyekata kashata. Sitengenezi kitu tena, nitaumiza mtu mwingine."

"Mwanangu, si kosa lako," Gwantwa akasema kutoka godoroni. "Ni mimi nilikimbia vibaya."

"Wewe hukimbii vibaya, mama. Wewe ni mwanariadha. Soli ndiyo mbaya."

Nikamtazama Gwantwa. Nikangoja. Nikasema moyoni, sasa atasema, mama gani asiseme hapa? Gwantwa akafumba macho, akageukia ukutani. Nami nikapasuka.

"Soli haina kosa!" nikapiga kelele hadi kuku wakakimbia. "Sikiliza, Tupo. Mama yako hajakimbia lami hata siku moja. Hakuna jogingi, hakuna ofisi. Mama yako anabeba sukari kwa njia za panya, anapita kwenye tope na mteremko, na mfuko mgongoni, na akisikia filimbi anakimbia. Ulimuuliza, akakudanganya. Wewe umetengeneza ulichoambiwa. Hukukosea popote!"

Mwalimu Osea alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Gwantwa alijifunika kanga uso mzima. Tupo peke yake ndiye aliyekuwa ananitazama, na uso wake ulikuwa unalegea kidogokidogo, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

"Kwa hiyo kuna tope," akasema.

"Kuna tope, mwanangu."

"Mngeniambia, ningeziacha kashata."

Akatoka nje. Hakulia. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mie siku ile sikujiona nimejikwaa. Nilijiona mshindi, kusema kweli. Mtoto nimemtua mzigo usio wake.

Gwantwa alikaa siku nyingi hasemi nami. Uji wangu alikunywa, shukrani akatoa kwa kichwa. Lakini Tupo alirudi kwenye kisu na tairi, na hilo likanitosha. Alikaa kando ya godoro kila jioni akimuuliza mama yake upya, swali moja baada ya jingine, na safari hii Gwantwa alijibu. Alijibu akilia, lakini alijibu.

"Mteremko uko wapi, mama? Kabla ya kijito au baada?"

"Baada, ukiwa unarudi."

"Tope lake linanata au linateleza?"

"Juu linateleza, chini linanata, linavua viatu."

"Mzigo unafungwa juu au kiunoni?"

"Juu. Kiunoni unakuvuta nyuma."

"Nani anapokea mchele ng'ambo?"

Hapo nikainua kichwa kutoka kwenye unga wangu, nikajiuliza kiatu na mpokeaji wapi na wapi. Lakini Gwantwa alikuwa ameshajibu: mama mmoja Mbemba, duka lenye pazia la bluu, usipite mbele, pita uani. Nikasema moyoni, acha mtoto aulize, ndivyo alivyofundishwa. Anataka kulipia kosa. Mwalimu Osea naye alipopita akaona soli mpya yenye kashata zilizochongwa kwa mshazari, ili tope lidondoke lenyewe, akasema huyu ndiye mhandisi, ameanguka na ameinuka. Mie nikavimba kichwa. Nilimwona tena anajaza saruji kwenye soksi, sikuuliza ya nini ilhali ya kwanza ipo.

Huku ndani kwao hali ilikuwa imeharibika. Jiko lilikaa bila moto. Ugali wangu Tupo alianza kuukataa, anasema ameshakula shuleni, na shuleni hakuna chakula, najua. Damu ya mama yake hiyo, hawapendi kulishwa. Erica alileta unga kidogo, na yeye ana wanawe. Ndugu wa Ileje walituma maharage kwa basi, yakaisha.

Raba mpya zilimalizika siku moja mchana. Tupo akaziweka juani kwenye kizingiti gundi ikauke, akachukua ndoo kwenda bombani. Gwantwa akazitazama sana. Kisha kwa mara ya kwanza tangu siku ile akaniita.

"Dada. Nisaidie nizijaribu. Angalau huu mguu mzima."

Nikafurahi kama nimepewa zawadi ya Idi. Nikapiga magoti, nikachukua raba ya kulia, nikaanza kumvalisha. Haikuingia. Nikalegeza kamba, nikasukuma. Vidole vikakwama.

"Mguu umevimba kwa kulala," nikasema.

"Haujavimba."

"Basi kakosea kipimo."

"Tupo?" Gwantwa akasema. "Tupo akosee kipimo?"

Tukabaki tunaitazama ile raba mikononi mwangu. Ilikuwa ndogo, ya mguu wa mtoto. Gwantwa alianza kutikisa kichwa, hapana, hapana, hapana, bila sauti.

Tupo akaingia na ndoo, akaitua chini polepole maji yasimwagike.

"Hizi za nani?" mama yake akamuuliza.

"Zangu, mama." Hakuzunguka. "Mguu wako hautapona kabla unga haujaisha. Na unga umeshaisha."

"Utakula kwangu!" nikamkemea. "Wewe na mama yako! Nani kakwambia nimeshindwa kuwalisha?"

"Vitumbua ni mtaji wako, mama mkubwa. Ukitulisha sisi kila siku, na wewe utaanguka. Nimeshapiga hesabu yake."

"Na shule? Na Vwawa je?"

"Nitarudi shuleni mama akipona."

Ebo! Nilimtukana, nilimbembeleza, nikaapa nitamleta Mwalimu Osea na mjumbe na mchungaji wao. Nikasema nitazichoma hizo raba kwenye jiko langu mbele yake. Akanisikiliza kwa heshima zote mpaka nikachoka. Halafu akasema nikizichoma atakwenda na kandambili. Nikamgeukia Gwantwa aniunge mkono. Gwantwa alikuwa ameegemea ukuta, anamtazama mwanawe, na mie nikajua anaona nini. Anajiona mwenyewe na shangazi yake.

Alfajiri nilikuwa nimeshawasha moto pale uani niliposikia komeo lao. Nikaacha karai, nikaenda kusimama mlangoni kwao, mikono nimeitanua huku na huku. Tupo alikuwa amevaa ile suruali ya mazoezi ya mama yake, ameikunja chini.

"Hapa hupiti."

"Dada, mwache," Gwantwa akasema kutoka ndani.

"Gwantwa, una wazimu? Si wewe uliyesema njia ile hataijua?"

"Ameshaijua. Nimemwambia mwenyewe, swali moja moja." Alikuwa anajikokota kwa makalio kutoka godoroni, mguu mbovu unamfuata nyuma. "Leo utamzuia. Kesho atatoka tukiwa tumelala. Kama anakwenda, aende anajua yote."

Mikono yangu ikashuka. Sijui kwa nini. Nadhani kwa sababu nilikuwa sina neno, mie Mwanamvita.

Gwantwa akafika kizingitini. Akamshika mtoto mguu, akakaza kamba za raba moja, kisha nyingine, mafundo mawilimawili. Akasema kwa haraka haraka, sauti kavu. Usiongozane na wanaume. Mfuate Erica, usimpite. Kwenye kijito usikanyage jiwe, kanyaga mchanga. Wakisimama wenzako, simama, wakikaa, kaa. Yule mama wa pazia la bluu akikupunja, usibishane naye. Tupo alikuwa anaitikia kila neno, ndiyo mama, ndiyo mama, kama mwanafunzi.

"Na ukisikia filimbi," Gwantwa akasema, bado amemshika mguu, "tupa mzigo. Mwanangu, unanisikia? Tupa mzigo ukimbie."

Tupo akafikiri. Akamtazama mama yake, akanitazama na mimi.

"Nikiutupa, mama, tutakula nini?"

Akakunja tena suruali iliyomshuka, akatoka.